Tozo za barabarani Ulaya: Stuttgart mpaka Venice kisha Nice, nitenge kiasi gani?

MzeeWaNeckar

Wakuu habari za majukumu. Naombeni mawazo yenu. Mwezi wa nane shule zikifungwa tuna mpango wa kutoka na gari kifamilia, mimi, mama watoto na madogo wawili. Tunaanzia Stuttgart tunashuka mpaka Venice, tunakaa kidogo, halafu tunapita Genoa na ile pwani yake mpaka Nice, kurudi nyumbani ni kwa kupitia Lyon. Mafuta nshapiga hesabu, malazi nshalipia, kilichobaki kunitoa jasho ni hizi tozo. Huku Ujerumani tumezoea vya bure, unaingia otobani unakanyaga hakuna anayekuuliza kitu, sasa kila ninayemuuliza kazini ana hesabu yake, mmoja anasema yuro 60 zinatosha, mwingine anasema hata 200 usishangae, na yupo aliyeniambia niweke tu kwenye ramani ya simu "epuka tozo" nisilipe hata senti moja.

Nipite Austria au Uswisi? Italia na Ufaransa wanalipishaje, keshi au kadi? Na hili boksi la mizigo juu ya gari si litanipandisha daraja la malipo? Gari ni Touran ya kawaida tu. Natanguliza shukrani.

DerevaMstaafu

Mkuu kwanza usitafute namba moja ya "tozo za Ulaya", haipo, kila nchi ina akili yake. Kwenye njia yako kuna mifumo miwili. Uswisi na Austria wanauza vinyeti, yaani unalipia muda, ukishalipa unatembea utakavyo mpaka muda uishe. Italia na Ufaransa wanahesabu umbali, sehemu nyingi unachukua tiketi ukiingia unalipa ukitoka.

Uswisi hawana vinyeti ya wiki wala ya siku kumi, ni ya mwaka tu, faranga 40, hata kama unapita kwa masaa matatu. Ila ya mwaka wao ni miezi 14, inaanza tarehe 1 Desemba ya mwaka uliotangulia inaishia 31 Januari ya mwaka unaofuata, na tangu Agosti 2023 kuna ya kidijitali inayofungwa kwenye namba ya gari, hubandiki kitu kwenye kioo. Ukikamatwa huna, faini faranga 200 na vinyeti unanunua bado. Watu wanazilalamikia sana hizo 40 lakini angalia kilichomo ndani: handaki la Gotthard ni karibu kilomita 17 na hudaiwi kitu cha ziada. Handaki la Mont Blanc halifiki kilomita 12 na kuvuka upande mmoja tu ni zaidi ya yuro 50. Basi mimi mtu akianza kulia na Waswisi namuonyesha hilo tunabadilisha mada.

Austria kwa bei za 2025 vinyeti ya siku moja ilikuwa yuro 9.30, ya siku kumi 12.40. Sasa wengi wakishanunua wanajua wamemaliza kazi, wanapanda zao Brenner, ile njia ya milimani ya kuingilia Italia, wanakuta geti linawasubiri, maana ile otobani ya A13 ya kutoka Innsbruck kwenda mpakani ina tozo yake peke yake, mwaka 2025 ilikuwa yuro 12 kila upande, vinyeti haihusiki kabisa pale. Wewe unapita siku moja kwa hiyo ya siku moja inakutosha, jumla kwa bei hizo za 2025 ni 21.30 uko Italia.

Ila wewe unazunguka, hurudi njia uliyoendea, na hapo ndo pa kukaa na kalamu. Ukinunua ya Uswisi unaenda nayo kwa Gotthard, na kurudi ukifika Lyon badala ya kupanda mpaka Mulhouse ukilipa, unakata kwenda Geneva, ukishavuka mpaka unatembea hadi unatokea Schaffhausen kwa zile zile faranga 40. Ukienda kwa Austria unaokoa hela wakati wa kwenda halafu kurudi Wafaransa wanakukamua karibu mpaka mpakani. Ukijumlisha zote zinakaribiana, sio hela ya kugombana na mama watoto. Mimi ningeangalia foleni zaidi. Daraja la Lueg pale Brenner tangu mwanzo wa 2025 limebanwa kwa sababu ya matengenezo, na Gotthard nayo Jumamosi za kiangazi watu wanalala kwenye gari, usiende Jumamosi kama una namna.

Kwa mzunguko wako wote mimi makadirio yangu ni kati ya yuro 150 na 200. Tenga 200, ikibaki wanunulie madogo aiskrimu.

Binti_Kisauni

Mimi niko huku Lyon, wacha nikusaidie upande wa Ufaransa kaka. Boksi lisikutishe. Daraja la kwanza ni gari isiyozidi mita 2 kwenda juu na tani 3.5, na vitu vya kufunga na kufungua kama boksi au kerea ya juu havihesabiwi. Tatizo ni mashine, sensa inaona kitu kirefu inakusomea daraja la pili na bei inapanda, sasa watu wengi wanalipa tu kwa sababu nyuma kuna foleni na mwenye gari anaona haya. Usilipe! Bonyeza kitufe cha msaada, sema "classe un, coffre de toit", yule wa kwenye kamera anarekebisha pale pale. Italia hilo tatizo hata halipo, wao wanapima urefu wa gari pale juu ya ekseli ya mbele, isizidi mita 1.3, kwa hiyo kilichoko juu ya paa hakiwahusu.

Kulipa ni kadi, wala usihangaike na chenji. Njia zenye alama ya "t" ya rangi ya machungwa peke yake ni za wenye kile kifaa cha kubandika kiooni, usiingie kama huna. Wewe tafuta mshale wa kijani au picha ya kadi. Na tiketi mpe mtu mmoja aishike, sio kuiweka kwenye dashibodi na vioo viko wazi, ukiipoteza wanakuchaji kama umetoka geti la mbali kuliko yote kwenye njia hiyo.

Bei, Marseille mpaka Lyon ni karibu yuro 30, Nice mpaka Aix weka 20 hivi. Ghali ndio, lakini barabara zenyewe zimenyooka na kila kilomita chache una pa kupumzika, vyoo safi na michezo ya watoto nje bila malipo. Cha kuogopa ni tarehe. Jumamosi za mwanzo wa Agosti A7 yote kutoka Lyon kushuka kusini inakuwa nyeusi kwenye kalenda ya serikali ya foleni, inaitwa Bison Futé, iangalie kabla hujapanga siku ya kurudi, na hesabu kwamba mwishoni mwa mwezi wanaorudi nao ni wengi vile vile.

SilipiMimi

Mnamtisha bure jamaa. Mimi Ufaransa nazunguka kila mwaka na magetini hawanijui. Kuna barabara za taifa, N7 inatoka Lyon inashuka kusini na hulipi kitu, unapita vijiji, unakula chakula cha maana kwa bei ya maana. Hizo tozo ni kodi ya watu wenye haraka.

Binti_Kisauni

@SilipiMimi hilo la chakula nakubali kabisa lol. Lakini huyu ana watoto wawili nyuma, Agosti, joto. Hizo N spidi ni 80, sehemu zingine 90, na kila kijiji kina raundabauti na taa na matuta na kamera. Unaokoa yuro 30 unatumia masaa matatu zaidi na mafuta ya kusimama na kuondoka, ukifika huna hata hamu ya kuongea na mwenzako. Bora achague kipande kimoja chenye mandhari atoke, kwingine alipe. Na kuna barabara kubwa za bure kabisa huku, A75 kutoka Clermont-Ferrand mpaka karibu na Béziers hulipi isipokuwa lile daraja la Millau, sema haipo kwenye njia yake.

SilipiMimi

Sawa dada, watoto nimekubali. Ila hata Brenner ipo ya zamani ya bure, B182, inapita chini ya lile daraja kubwa.

DerevaMstaafu

Ipo lakini usimpeleke huko wikiendi za kiangazi. Tirol, lile jimbo la Austria lenye Brenner, wamechoka na wageni wanaokwepa, wanapiga marufuku kutoka otobani kuingia vijijini kwa ajili ya kukwepa foleni, polisi wanasimama pale kwenye njia ya kutokea wanakuuliza unaenda wapi, ukisema Italia wanakurudisha. Simu ikikuambia kata kulia haiwi hoja kwao. Anayelala kwenye hoteli ya pale pale anaruhusiwa, mpita njia hapana.

OtienoMidlands

Nyinyi mnanikumbusha Nairobi Expressway bana, Mlolongo mpaka Westlands kilomita 27, ukiwa na haraka unalipa unapita juu, huna haraka unabaki chini Mombasa Road na jam yako na hakuna mtu anakulaumu. Huko Ulaya ni hivyo hivyo tu, sema huko chini kuna mizabibu.

Sisi wa Uingereza shida yetu ni usukani uko upande mwingine. Mashine iko kwa abiria, kwa hivyo kama uko peke yako unashuka unazunguka gari mbio watu wakikupigia honi. Mimi nilinunua kile kifaa cha Ufaransa, nabandika, geti linafunguka lenyewe kwa kilomita 30 kwa saa, unaletewa bili baadaye. Kwa mtu wa safari moja ada yake na posta huenda isilipe, lakini kama unaenda kila kiangazi nunua. Na kwa wale wa kwenda Normandy mjue A13 na A14 kutoka Paris mageti yameondolewa tangu 2024, kamera inasoma namba, una masaa 72 ya kulipa mwenyewe mtandaoni. Ukinyamaza wanakutafuta na faini juu.

Swali la ziada, kuna mtu amepita kushuka Barcelona? Bado kuna mageti?

Fundi_Brescia

Otieno kutoka mpakani La Jonquera mpaka Barcelona AP-7 ni bure tangu 1 Septemba 2021, Wahispania mikataba ya zile kampuni ilipokwisha wakafungua. Unalipa upande wa Ufaransa tu, A9.

Mzee wa Neckar mimi niko Italia, sikiliza hili moja tu kwa makini. Getini angalia rangi kabla hujakaribia. Njano ni ya Telepass, yaani wenye kifaa cha kulipia bila kusimama, sio yako. Bluu ni kadi. Nyeupe yenye picha ya mkono na sarafu ni keshi. Ukishaingia njia isiyo yako USIRUDI NYUMA, kurudi rivasi getini hapa ni kosa kubwa, wanaweza kukunyang'anya leseni. Tulia, bonyeza kitufe cha msaada, au mashine ikigoma inakutolea karatasi, geti linafunguka, una siku 15 za kulipa mtandaoni bila nyongeza. Nimeona watu wanababaika pale kama kuku aliyeingia msikitini na jambo lenyewe dogo.

Kipande cha kukuumiza ni Genoa kwenda Ventimiglia, A10, mahandaki na madaraja mwanzo mwisho, kwa kilomita ni ghali kuliko huku bondeni. Lakini ile ya chini, Aurelia, Agosti usijaribu, kila mji wa ufukweni una taa zake.

Kingine ambacho sio tozo ila kitakula hela yako: maeneo ya katikati ya miji yenye alama ya ZTL, yaani haingii gari lisilo na kibali. Kamera inapiga, barua inakufuata mpaka Ujerumani miezi kadhaa baadaye. Na kama ni gari ya kukodi ndo balaa, kuna kampuni moja siitaji ilinikata ada yao ya usumbufu kwa kunipa tu jina langu polisi, halafu faini yenyewe ikaja peke yake. Venice acha gari Mestre, upande wa bara, panda treni.

MzeeWaNeckar

Wakuu mmenifungua macho, asanteni sana. Nimeongea na mama watoto tumeamua Uswisi kwenda na kurudi, na kwa kuwa Desemba tuna harusi ya shemeji Zürich ile ile vinyeti itatubeba tena. Tunatoka Jumanne. 200 nimetenga, N7 tutakula hata mchana mmoja kwa heshima ya SilipiMimi.

Sasa nimeingia mtandaoni kununua hiyo ya kidijitali, tovuti ya kwanza kabisa kutokea inaniambia yuro 60 na kitu. Imepanda?

DerevaMstaafu

Haijapanda mkuu, hao ni madalali. Wanalipia tangazo wakae juu, wanakununulia ile ile wanaweka chao. Nenda kwenye tovuti ya forodha ya Uswisi, BAZG, ukiona bei sio faranga 40 kamili toka. Austria nako hivyo hivyo, duka rasmi ni la ASFINAG, kampuni ya otobani za huko, watu wengine wote ni wachuuzi. Na ukijaza namba ya gari chagua nchi ni Ujerumani, halafu rudia kusoma herufi moja moja, O na sifuri zinachanganya sana na kamera haina huruma.

OtienoMidlands

Na kama una trela ujue Uswisi inadaiwa vinyeti ya kwake.

MzeeWaNeckar

Trela sina, ni boksi tu. Nshalipa, faranga 40 kamili, risiti ipo kwenye imeili.