Mdogo wangu anasoma PhD ya saikolojia Marekani, kasema anaenda intanishipu mwaka mzima kabla ya kuhitimu. Ni kweli au kadisko?

Mwana wa Keko:
Wakuu habari za jioni, naomba msaada kwa anayejua haya mambo maana hapa nyumbani hakulaliki. Mdogo wangu wa kike yuko Marekani mwaka wa tano anasoma PhD ya saikolojia tiba upande wa watoto, sisi tulijua mwaka huu anamaliza, mama alishaanza kuulizia ukumbi. Juzi kapiga simu anasema tasnifu imebaki kidogo ila hapewi shahada mpaka aende intanishipu mwaka mzima kwenye hospitali ya watoto, tena inaweza kuwa jimbo lingine kabisa na atajua mwezi wa pili kompyuta ikishawapangia. Mzee kusikia kompyuta itampangia akarudisha simu kwa mama. Anasema huyu kadisko anatuficha, maana mtoto wa jirani yetu hapa alisoma udaktari Muhimbili, akavaa joho kwanza, tukala pilau, ndo akaenda intanishipu. Sasa wa kwetu anaendaje bila kuhitimu? Huo mwaka wa sita nani analipa? Na mzee anauliza, kama mtu anasomea mambo ya akili, watoto wenye kisukari na siko seli anaenda kuwafanyia nini? Naomba jibu la mtu anayejua nikamsomee.

Dada wa Upanga:
Kaka pole, na mzee mfikishie shikamoo yangu. Binti yake hajadisko. Mimi nimepita njia hiyo hiyo, na kuomba tu intanishipu ni mpaka chuo chako kithibitishe kwamba uko tayari, anayesuasua haruhusiwi.

Mzee anachanganywa na jinsi ya madaktari wetu na ana haki kuchanganyikiwa. Hapa MD anasoma miaka mitano, anahitimu, halafu ile intanishipu ya mwaka mmoja ndo inampa usajili kamili. Saikolojia ya Marekani wameigeuza, intanishipu imo ndani ya shahada yenyewe, hata tasnifu iwe imepita na kujaladiwa, bila huo mwaka joho huvai. Ni mwaka mmoja muda wote au miaka miwili nusu nusu.

Hiyo kompyuta inaitwa Match, iko chini ya APPIC, chama cha vituo vinavyotoa intanishipu za saikolojia. Unatuma maombi vituo vingi kuanzia kama mwezi wa kumi na moja, wanakuhoji desemba na januari, halafu unapanga vituo kwa jinsi unavyovitaka, cha kwanza, cha pili, mpaka mwisho, na wao wanapanga waombaji wao hivyo hivyo, kompyuta inakutanisha orodha zote. Ukipangiwa umefungwa, huwezi kusema mji siutaki, ukikosa kuna awamu ya pili mwezi wa tatu. Kwa hiyo aliposema hajui jimbo alikuwa anasema kweli tupu. Mimi nilipata barua pepe nimesimama kituo cha basi theluji inadondoka, nikasoma jina la hospitali mara tatu ndo nikampigia mama, huku kwetu ilikuwa magharibi imeingia.

Hela, kituo kinamlipa posho, ya kodi ya chumba na kula, asitegemewe kutuma sana nyumbani mwaka huo. Ada ya chuo kwa mwaka wa intanishipu mara nyingi inashuka ila kila chuo na utaratibu wake, amuulize mhasibu wa chuo mapema.

Nesi Mama Imu:
Mimi ni nesi wodi ya watoto, hospitali naihifadhi. Swali la mwisho la mzee ndo limenifanya niandike.

Tulikuwa na mtoto wa miaka sita, siko seli, analazwa kila mara kwa maumivu. Akiona treyi tu anaanza kupiga kelele, tunamshika watu wanne, mishipa inajificha, unachoma mara tatu nne na mama yake yuko koridoni kaziba masikio. Ilikuwa inaniuma mpaka nikifika nyumbani sili. Siku moja akaja dada mmoja anasoma masta ya saikolojia tiba yuko fildi, akaniomba dakika kumi tu kabla sijamgusa mtoto. Akachukua kikombe, maji, sabuni ya unga na mrija wa juisi. Akamwambia puliza taratibu, ukipuliza kwa nguvu linapasuka, taratibu povu linakuwa kubwa. Mtoto akapuliza. Akampa kanula, kile kimrija cha plastiki kinachoingizwa kwenye mshipa, isiyo na sindano amchome mdoli, akamuuliza wewe tukuchome mkono upi, akachagua kushoto. Akakaa mapajani kwa mama yake, hakuna aliyemshika kwa nguvu, akawa anapuliza povu mimi natafuta mshipa. Iliingia mara moja. Alilia ndiyo, ila alikaa pale pale.

Sasa huyo binti ya mzee anaenda kufundishwa hicho mwaka mzima na waliobobea. Mwambie mzee tunawahitaji kuliko anavyofikiri.

Dada wa Upanga:
Mama Imu umenirudisha mbali. Ndo hicho hasa. Kuna saikolojia ya watoto ya kawaida, hofu, huzuni, utundu, shule, na kuna hii ya watoto wanaoumwa mwili, wenzetu wameipa chama chake tangu 1968. Kwenye intanishipu unazungushwa vitengo. Mimi nilikuwa na binti wa miaka 14 mwenye kisukari, anajua kila kitu kuhusu insulini na bado anaruka dozi, madaktari wamemgombeza mpaka wamechoka. Tulikaa wiki kadhaa ndo akasema hataki wenzake shuleni wamuone anajichoma. Tatizo halikuwa elimu, lilikuwa aibu, na aibu hauitibu kwa kumuongezea dozi.

Na hauachwi peke yako. Kituo chenye ithibati ya APA, chama cha wanasaikolojia wa Marekani, lazima kikupe usimamizi usiopungua masaa manne kwa wiki, mawili kati ya hayo wewe na msimamizi wako ana kwa ana. Wakati mwingine anakuangalia nyuma ya kioo. Mara ya kwanza nilitetemeka, kufika mwezi wa nne nikawa natamani awepo.

Mdau Tabata:
Nyongeza kwa Mwana wa Keko, kama mdogo wako yuko visa ya mwanafunzi, F-1, kibali cha kufanya hiyo intanishipu kinaitwa CPT, akikitumia muda wote miezi 12 kamili anapoteza ile OPT ya kufanya kazi baada ya kuhitimu. Aende ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla hajasaini tarehe za kuanza na kumaliza. Pia hospitali za maveterani, wale wanajeshi wa zamani, aziruke, wanataka raia wa Marekani.

Halafu dada wa Upanga, akirudi huku kuna kazi? Maana wodi nyingi sijawahi kuona hata mmoja.

Dada wa Upanga:
Nafasi ni chache, sitamdanganya mtu. Mimi nagawa wiki yangu, kufundisha na kliniki. Ila hapo kabla hajarudi wengi wanakaa mwaka mmoja au miwili tena wa mafunzo baada ya PhD, na kuna mtihani wa leseni unaitwa EPPP kwa anayetaka kufanya kazi kule. Awaambie wazazi sasa hivi, mzee asije akashtuka mara ya pili.

Mwana wa Keko:
Wakuu Mungu awabariki. Nimemsomea mzee yote barazani baada ya isha. Kwenye ile ya mtoto na povu akaniambia rudia, nikarudia. Akakaa kimya, akauliza hiyo ya kompyuta inatoka mwezi wa pili tarehe ngapi, nikasema dogo mwenyewe ndo ana tarehe. Akasema basi mpigie nimuulize mimi. Wako kwenye simu saa hizi, mama naye anasubiri zamu yake.