Mahakama Maalum ya Katiba: tuijaze majaji au tuifute?

Mleta mada

Wakuu, fungueni Katiba ya 1977. Kijitabu changu nilikinunua kwa machinga kwenye foleni, jalada limeshang'oka, ila ibara ya 126 hadi 128 bado zinasomeka. Humo imeandikwa mahakama ambayo haijawahi kukaa hata siku moja: Mahakama Maalum ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano. Haina jengo wala karani. Kazi yake ni moja tu, kuamua pale Serikali ya Muungano na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ) zinapobishania tafsiri ya Katiba. Ikishaamua, hakuna rufaa.

Sasa angalieni inavyoundwa. Nusu ya wajumbe wanateuliwa na Serikali ya Muungano, nusu nyingine na SMZ. Akidi, yaani idadi inayotakiwa ili kikao kifanyike, ni wajumbe wote. Uamuzi unataka theluthi mbili ya wajumbe wa Bara pamoja na theluthi mbili ya wajumbe wa Zanzibar, na mahakama inakutana pale tu panapokuwa na shauri. Yaani wewe na jirani mnagombania mpaka wa shamba, kila mmoja anakwenda kuchukua mashemeji zake, halafu mnasema shauri haliishi mpaka mashemeji wa pande zote mbili wakubaliane. Mimi naita hicho kikao cha usuluhishi kilichovikwa joho.

Na ushahidi tunao. Mwishoni mwa 1992 Zanzibar ilijiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, Agosti 1993 ikajitoa. Yule aliyehoji kama visiwa vina mamlaka ya kujiunga hakujibiwa na jaji. Alijibiwa na kamati ya Bunge, na moto ule ndio uliowaibua wabunge 55 kudai Serikali ya Tanganyika, yaani ya Bara peke yake. Mwaka 2010 Zanzibar ikarekebisha Katiba yake ikajiandika kuwa ni nchi, wakati ibara ya kwanza ya Katiba ya Muungano inasema Tanzania ni nchi moja. Maandishi mawili yanatazamana uso kwa uso hadi leo, na mahakama iliyoundwa kwa ajili ya jambo hilohilo imelala.

Hoja yangu: tusiifute. Tuibadilishe iwe na majaji wanaojulikana kwa majina kabla ugomvi haujazuka, wenye muda maalum, na mwenyekiti asiyetokana na nusu yoyote. Karibuni mnipinge.

Mchangiaji kutoka Unguja

Assalamu alaikum. Ndugu yangu, umetaja 1992 na 2010 ukaruka 1984, na 1984 ndiyo mada yenyewe.

Mzee Aboud Jumbe alikuwa Rais wa Zanzibar na Makamu wa Rais wa Muungano. Alitayarisha waraka wa kuipeleka hoja ya muundo wa Muungano mbele ya mahakama hiyohiyo unayoisema imelala. Hakuvunja sheria, alikuwa anafuata Katiba. Waraka ukafika mikononi mwa Mwalimu Nyerere kabla haujafika mahakamani, na Januari 1984 kule Dodoma, kwenye kikao cha Halmashauri Kuu ya CCM, mzee akajiuzulu nyadhifa zake zote. Tangu hapo nani tena atasogea kwenye mlango ule? Kwa hiyo usiseme imelala kwa sababu ya akidi. Ililazwa.

Na huyo mwenyekiti wako asiye wa upande wowote, atateuliwa na nani? Ukisema Rais wa Muungano, basi umeshatupa jibu kabla ya kesi. Theluthi mbili za Zanzibar unazozibeza ni kinga kubwa tuliyonayo ndani ya kitabu kile. Mahali pengine pengi tunahesabiwa vichwa, na vichwa vyetu ni vichache.

Mwanafunzi wa sheria

Naomba kuongeza jambo ambalo wengi hawaliangalii. Mahakama Maalum isipokaa, maswali hayabaki hewani, yanaamuliwa kwingine. Mwaka 2000 Mahakama ya Rufani, katika shauri la SMZ dhidi ya Machano Khamis Ali na wenzake (washitakiwa walikuwa 18, wa chama cha upinzani cha CUF, kosa uhaini), ilisema Zanzibar si dola, hivyo uhaini hauwezi kutendwa dhidi yake. Wale watu wakaachiwa, Alhamdulillahi. Lakini swali zito kabisa la Muungano lilijibiwa ndani ya kesi ya jinai, na mahakama ambayo Jaji wake Mkuu anateuliwa na Rais wa Muungano peke yake, bila usaili wala kuthibitishwa na Bunge.

Hapohapo ibara ya 99 ya Katiba ya Zanzibar inaizuia Mahakama ya Rufani kutafsiri Katiba ya Zanzibar. Kwa hiyo Rufani ina mpaka, na Mahakama Maalum haina watu. Mimi ningeanza na Mahakama ya Juu iliyokuwemo kwenye rasimu ya katiba mpya ya Tume ya Jaji Warioba na hata kwenye Katiba Inayopendekezwa ya 2014. Zanzibar ipewe idadi ya viti humo na tuachane na huu utaratibu wa mashemeji.

Mchangiaji kutoka Mombasa

Jirani zenu twawasikiza. Sisi Mahakama ya Juu twayo tangu 2011, majaji saba. Waomba kazi huhojiwa na Tume ya Huduma za Mahakama, na wananchi huangalia kwa televisheni. Mimi nilimwona wakili mashuhuri akitokwa na jasho kwa swali la kodi. Rais hupelekewa jina moja la Jaji Mkuu, na Bunge huliidhinisha. Pengine ndiyo sababu tarehe 1 Septemba 2017 waliweza kufuta uchaguzi wa rais aliye madarakani.

Lakini mwanafunzi, usikimbilie. Tarehe 25 Oktoba mwaka uo huo, siku moja kabla ya uchaguzi wa marudio, kulikuwa na ombi la kuusimamisha. Akidi yetu ni watano. Walitokea wawili, Jaji Mkuu Maraga na Jaji Lenaola. Kesi ikafia hapo. Ikiwa watano kati ya saba walishindikana, nyinyi mwataka wote wakae?

Mleta mada

Sheikh wangu wa Unguja, kwenye 1984 umenishika. Nakubali. Akidi haikuiua mahakama ile, ila ndiyo inayohakikisha haifufuki: upande usiotaka kesi hauna haja ya kushinda, unachelewa tu kuteua nusu yake. Kuhusu mwenyekiti, basi achaguliwe na wajumbe wenyewe kwa theluthi zenu mbili hizohizo. Kinga yenu ibaki kwenye kumchagua, isiwe kwenye kila hukumu.

Mwanafunzi, shida ya viti ndani ya Mahakama ya Juu ni kwamba tutarudi kuhesabu vichwa, tena kwa joho jipya.

Halafu kuna jambo linaloniuma zaidi. Mlango ule ni wa serikali mbili tu, raia hapiti. Mwaka juzi nilitoka na televisheni Darajani, Unguja, nimeshailipia kodi. Nikashuka Dar, afisa akaisogeza pembeni ya mizani, akaniambia nilipe tofauti ya ushuru. Nikamuuliza hii ni nchi moja au mbili? Akacheka, akaniandikia stakabadhi. Swali langu lilikuwa la ibara ya 126 kabisa, na sikuwa na pa kulipeleka.

Mchangiaji kutoka Unguja

Hapo tuko pamoja, na kwenye mwenyekiti umesogea. Ila jibu hili: hiyo ibara mpya itapita Bungeni kwa theluthi ngapi, na za nani?