Naomba ushauri: kuchanganya tumbaku ya mvuke na ya moshi

Habari zenu wakuu. Mzee wangu hapa Urambo husokota sigara zake mwenyewe kwa tumbaku ya mvuke, ile ya njano inayotoka kwenye mabani, yale majengo ya kukaushia tumbaku kwa hewa ya moto. Anaipenda harufu yake, ila siku hizi analalamika haimkolei. Mjomba kamletea ya moshi, ile inayokaushwa kwa moshi wa kuni, kutoka Namtumbo: majani meusi, chumba kizima kinanuka kuni. Nikachanganya nusu kwa nusu. Alivuta mara mbili tu, akakohoa mpaka machozi, akaizima.

Wazoefu, ya moshi niweke robo au chini ya hapo? Halafu majani yamekauka mno, nikiyakata yanakuwa unga na kumwagika kwenye karatasi. Nikiyanyunyizia maji usiku, hayataota ukungu? Nisaidieni, mzee anasubiri.