Uzi maalumu: uoga wa kuongea mbele za watu, wewe ulitokaje? Tupeane uzoefu

Mtani wa Kahama (mleta mada)
Wakuu, habari za muda huu. Hili jambo linanitesa tangu sekondari na umri unakwenda. Tukiwa watatu wanne kijiweni mimi ni mzungumzaji mzuri tu, nasikilizwa. Ila nikiambiwa "simama useme chochote", koo linakauka, magoti yanalegea, na sauti inayotoka siijui ni ya nani. Kazini wakianza zile za "tujitambulishe, tuanzie kule mwisho", mimi nakaa nakariri jina langu mwenyewe.

Sasa mdogo wangu ana sendofu mwezi ujao. Ukoo umekaa kikao bila mimi kuwepo, wakaniteua nitoe neno la familia. Kukataa siwezi, mama hatanielewa.

Sitaki zile za "jiamini tu". Kama kujiamini kungekuja kwa kuambiwa, ningeshapona zamani. Nawataka waliokuwa na hali hii kwelikweli. Ulianzia wapi? Naomba kuwasilisha.

Kichwa Maji
Jiamini tu mkuu.
(Natania. Nimeweka kiti hapa nasubiri majibu, na mimi ni mgonjwa mwenzako.)

Mama Hisa
Pole kaka. Mimi nikijua wiki hii zamu ya kuongoza sala jumuiyani ni yangu, siku hiyo lazima niumwe. Kilichonitoa ni kikoba. Walinichagua mweka hazina kwa sababu wananijua kwa ubahili, wala hakuna aliyeniuliza kama naweza kuongea.

Kazi ya mweka hazina huwezi kuifanya kimya. Wenye funguo tatu wakishafungua sanduku, unasimama unasoma: hisa za leo kiasi gani, marejesho kiasi gani, faini za wachelewaji, mfuko wa jamii, tunafunga na shilingi ngapi. Mwanzoni nilisoma nikiwa nimejifunika daftari usoni. Siku moja nikainua macho, nikakuta hakuna hata mmoja anayenitazama. Wote wameinamia vitabu vyao vya hisa, wanahakiki kama nimewaibia! Nilivyocheka moyoni. Tangu siku hiyo nasoma nikiwa nimenyoosha mgongo. Jumuiyani sasa wananiomba nifupishe sala.

Bwana Shamba, Bungoma
Hamjambo jirani zetu. Mimi ni wa huku Kenya, Kiswahili changu mtakivumilia.

Nikiwa shule ya msingi nilikuwa mkariri wa mashairi kwenye tamasha za muziki, jukwaani sina wasiwasi kabisa. Lakini darasani mwalimu akiniuliza swali, bubu. Shairi lilikuwa maneno ya mtu mwingine, yakichekwa atachekwa yeye. Yangu mwenyewe ndiyo niliyoyaogopa. Nikabeba hiyo shida hadi kazini, afisa wa kilimo wa nyanjani, kazi ambayo ni kuongea na watu kutwa.

Mwaka 2017 viwavijeshi vamizi viliingia huku Magharibi na watu walichanganyikiwa, mahindi yanaliwa usiku kucha na hakuna aliyemjua huyo mdudu. Chifu akaitisha baraza. Mkubwa wangu hakufika, nikasukumwa mbele na karatasi mkononi, karatasi inatetemeka hadi inapiga kelele. Nikaona aibu, nikaiweka mfukoni. Kando ya uwanja kulikuwa na shamba la mzee mmoja, nikamwomba mche mmoja wa mhindi, nikarudi nao.

Nikaanza kuufungua ule moyo wake, yale majani machanga yaliyojikunja. Ndani kumejaa kinyesi kibichi, kama vumbi la mbao lililolowa. Nikachokora, mdudu huyu hapa. Nikawaambia sogeeni: kichwani mtazame hii alama ya Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia hesabuni madoa manne meusi yaliyokaa mraba. Ukiona hivyo viwili, ndiye. Wazee wakaja na miwani yao, watoto wakapenya katikati. Mama mmoja akasema yeye huweka majivu humo kwenye moyo wa mhindi, jirani yake akabisha kwamba mchanga ndio unafanya kazi, na mimi nikajikuta katikati naamua kesi. Tukakaa pale hadi jua likawa kali. Nilipofika nyumbani ndipo nikakumbuka kwamba nilikuwa mwoga.

Kwa hivyo ndugu wa Kahama, usiende mikono mitupu. Tafuta picha ya huyo dada yako akiwa mdogo, afadhali ile aliyonuna. Iinue juu. Watu wataitazama picha, wewe utapata nafasi ya kupumua.

Mtani wa Kahama
Bwana Shamba, picha ipo, kanuna na kamasi juu. Ataniua lakini naipeleka.

Kijana wa Field
Mimi chuoni presentesheni zote nilimaliza kwa kidonge kimoja kinaitwa propranolol, jamaa yangu alinipa. Mkono hautetemeki kabisa. Meza nusu saa kabla, maliza kazi.

Nesi Mstaafu
Mwanangu hapo juu, ngoja kwanza. Ni kweli inapunguza mtetemeko na mapigo ya moyo. Unapoogopa, tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini. Moyo unakimbia, mate yanapungua, mikono inatetemeka. Dawa hiyo inazuia adrenalini isifanye kazi yake kwenye moyo na kwingineko. Lakini mwenye pumu akimeza anaweza kubanwa kifua akafika kwetu hoi. Mwenye kisukari anayetumia insulini, sukari ikishuka hatasikia moyo kwenda mbio, na hiyo ndiyo dalili ambayo ingemwamsha. Hii ni dawa ya kuandikiwa na daktari baada ya kupimwa. Huwezi kugawiana hosteli kama pipi.

Cha bure ni pumzi. Vuta kawaida, kisha toa polepole zaidi ya ulivyovuta, rudia ukiwa bado umekaa kwenye kiti. Mapigo yanashuka. Na ujue uoga unakuwa mkali zaidi pale mwanzoni, dakika ya kwanza au ya pili. Ukivumilia hapo, unaanza kushuka wenyewe.

Abuu Salim, Unguja
Assalaam alaykum. Hapo aliposema bibi yetu, dakika ya kwanza, ndipo penyewe. Ijumaa moja khatibu wetu aliamka na homa, wazee wakanishika mkono wakanipandisha mimberi. Kilichoniokoa ni kwamba mwanzo wa khutba huutungi: hamdu, shahada, salawati, wasia wa kumcha Mungu. Nimeyasikia tangu mtoto, ulimi unakwenda wenyewe. Nilipofika kwenye maneno yangu mimi, sauti ishatulia. Na mkononi una fimbo, mkono hauna pa kutetemekea.

Kabla sijapanda niliisoma ile dua ya Nabii Musa katika sura ya Twaha, anaomba kufunguliwa fundo la ulimi wake. Na nyie wa bara mna "itifaki imezingatiwa", basi itumieni. Jitungie mwanzo wako, sentensi mbili tatu, uzihifadhi hadi uweze kuzisema usingizini. Katikati utajua mwenyewe.

Mama Hisa
Ustadhi, na kwetu kwenye Kutoka Musa analalamika ulimi wake ni mzito, akapewa Haruni amsemee.

Mtani wa Kahama
Haruni wangu yuko Dodoma, kanyimwa ruhusa kazini.

Wakili wa Makaratasi
Niseme ukweli, mimi sijapona. Nimesomea sheria na mahakamani siendi, naandaa mikataba na hati ofisini, mwenzangu ndiye anayesimama. Tunapenda kujifariji kwa Gandhi: kesi yake ya kwanza Bombay alisimama kumhoji shahidi, maneno yakagoma, akarudisha ada aliyolipwa. Mwaka 1893 akaenda Afrika Kusini, na hotuba yake ya kwanza ya hadhara akaitoa Pretoria, kwa Wahindi wenzake, juu ya ukweli katika biashara. Kule alikuwa na jambo linalomuuma. Mimi Pretoria yangu bado sijaiona, ila nikisoma ya Bwana Shamba na mama wa kikoba naona wote walipewa kazi kwanza, ujasiri ukafuata nyuma.

MC wa Mtaa
Nipo kwenye maukumbi kila wikiendi na bado kabla sijaitwa lazima niende chooni, wahudumu wananijua. Kwa hiyo usisubiri uoga uishe ndiyo ukubali kazi.

Mleta mada, mambo machache ya ukumbini. Fika mapema kabla wageni hawajajaa, simama pale mbele, mwombe DJ ujaribu maiki. Usiipigepige wala kuipuliza. Iweke karibu na kidevu na uongee kawaida, spika zitafanya kazi yake. Wengi wanatishwa na sauti yao wenyewe kwa sababu hawajawahi kuisikia kwenye spika. Karatasi iandike kwa herufi kubwa, uigandishe kwenye kitu kigumu. Tafuta shangazi mmoja anayetikisa kichwa kwa kila kitu, ongea na yeye.

Na mwambie MC wenu mapema akuite kabla ya chakula. Baada ya chakula hata Rais hasikilizwi.

Kichwa Maji
MC, na kama kwenye ukoo hakuna shangazi wa hivyo?

MC wa Mtaa
Hakuna ukoo wa hivyo Tanzania hii.