Nimchukue mwanachuo kwenye dei kea yangu?

Mama Uji, Buhongwa:
Wadau, nina watoto 23, walezi wawili tu. Binti anayesomea cheti cha ualimu wa awali kaomba kazi. Vipindi vinaisha saa 8 mchana. Juzi nilimjaribu: kamwimbia mtoto msumbufu (yule wa kutema kila kitu) hadi kamaliza uji wa saa 10. Ila geti kaliacha wazi! Nimlipe vipi? Nauli na wali wa mchana vinatosha?

Dagaa Mkavu:
Nauli na wali siyo mshahara, dada. Mwandikie mkataba, hata wa miezi mitatu.

Bibi wa Kirumba:
Asibaki peke yake na watoto, mwanangu. Ustawi wa jamii wakija watauliza nani mlezi, nani mwanafunzi.

Mama Uji:
Asanteni. Geti nimeliwekea komeo la juu. Jumatatu anaanza.