Mjadala: Muvi ya magenge na kisasi, ngumi tupu zinatosha?

Wakuu, naandika kutoka Mwanjelwa, Mbeya. Kuna jambo limenikaa rohoni tangu Jumamosi.

Tulikuwa kibanda umiza, hivi vibanda vya kuonyeshea video mtaani, tumebanana kwenye mabenchi, nje baridi ya Julai, kiingilio shilingi 500. Muvi ilikuwa imesifiwa wiki nzima. Magenge mawili yanagombea bandari, steringi katoka jela, anakuta mdogo wake kauawa, anaanza kuwasaka mmoja mmoja. Jina la muvi siliweki, maana za namna hiyo zimejaa kwenye flashi na swali langu linazihusu zote.

Mdogo mtu aliuawa hata benchi halijapata joto. Hatukuwaona wakila pamoja, hatukuisikia sauti ya mama yao. Sini iliyofuata steringi yuko ghalani anavunja watu shingo. Hakuzika! Mpaka taa zinawashwa hakuna kaburi lililoonekana, hakuna aliyekaa mkekani, hakuna aliyelia. Jirani yangu akasema, "Muvi kali." Nikamuuliza, yule aliyeuawa mwanzo anaitwa nani? Hakumbuki. Nami sikukumbuka. Saa nzima na nusu watu wamekufa kwa ajili ya mtu ambaye hakuna kati yetu aliyeshika jina lake.

Swali ni hili: tuna haki ya kudai hadithi kwenye muvi ya mapigano, au tukishalipa tupokee ngumi tunyamaze? Mimi nasema haki tunayo. Kisasi ni deni, na huwezi kufurahia deni kulipwa kama hukuona lilivyoingia.

Angalieni The Godfather ya Francis Ford Coppola, ya mwaka 1972. Nayo ni magenge, nayo ni kisasi. Sonny anapouawa, baba yake, Vito Corleone, anapeleka maiti kwa mtengenezaji wa maiti na kumwomba aitengeneze vizuri, hataki mama yake amwone katika hali ile. Halafu mzee huyohuyo anakaa meza moja na wakuu wa familia nyingine, waliomuua mwanawe wakiwemo, anaapa kwamba hatalipiza, ili mwanawe mwingine, Michael, arudi salama kutoka Sicily. Pale hakuna ngumi hata moja, na kibanda kizima kinanyamaza. Karibuni.

Dereva wa bodaboda, Uyole

Kaka, nakuheshimu ila hapa nakukatalia. Nawasha pikipiki saa kumi na moja alfajiri. Misiba naijua. Alhamisi tumemzika mwenzetu, lori lilimfuata kwenye mteremko wa Inyala, ameacha mtoto ananyonya. Nikilipa 500 yangu sitaki kulia tena. Nataka nione mtu mbaya anapigwa mpaka anaomba msamaha, kwa sababu huku barabarani hatumwoni akipigwa. Hiyo hadithi unayoitaka mimi ninayo nyumbani.

Mtafsiri wa muvi, Kihesa, Iringa

Kamwene. Kazi hii ya kusimulia muvi za nje kwa Kiswahili nimeijulia kwa kusikiliza kanda za Lufufu, mtafsiri mwenzetu maarufu, na ninyi mnaokaa kwenye mabenchi hamjui tunavyohangaika. Muvi ikija tupu, sisi ndio tunaijaza. Nilipata moja kama hiyo yako. Mdogo mtu nikampa jina la hukuhuku. Nikasema mama yao anauza ulanzi, pombe ya mianzi, pale Ipogolo, ndiye aliyewasomesha wote wawili, na kaka alipofungwa mdogo ndiye aliyekuwa akimpelekea chakula gerezani. Kwenye picha hayo hayapo. Lakini steringi alipofika kwa bosi, mzee mmoja aliinuka akapiga kelele, "Huyo ni wa mama!" Wanaotulaumu kwamba tunaharibu kazi za watu waje wakae siku moja waone. Kwa hiyo mimi niko na mtoa mada: nisingehangaika kujaza kama lisingekuwepo pengo.

Mama wa watoto watatu, Kabwe

Mnabishana hadithi, mimi nauliza walioko ndani ni kina nani. Sheria ya filamu ipo tangu 1976, Bodi ya Filamu inapanga madaraja ya umri, lakini kibandani kwetu nani anamuuliza mtoto ana miaka mingapi? Wangu wa miaka kumi na mmoja aliniigizia jikoni watu watano wanavyouawa. Nikamuuliza, na waliobaki nyumbani kwao je? Akaniangalia tu. Muvi haikumwambia kwamba watu hao wana nyumbani.

Mwalimu wa historia, Iringa

Mnakwenda Marekani kutafuta mfano na Kalenga iko hapa. Agosti 1891 pale Lugalo, Wahehe wa Mkwawa walikivunja kikosi cha Wajerumani na kumuua kamanda wake, Zelewski. Wajerumani hawakusahau. Oktoba 1894 walirudi wakaiangusha ngome ya Kalenga. Mkwawa akapigana porini karibu miaka minne, akajiua Julai 1898 asikamatwe, nao wakakata kichwa. Fuvu lake likaingia mpaka kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, ule wa amani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kifungu cha 246, na likarudi kwetu mwaka 1954. Hesabuni: miaka 56 watu wanasubiri kichwa cha mtu mmoja. Nikiwapeleka wanafunzi Kalenga wakasimama mbele ya fuvu lile, hata watundu hutulia. Kisasi kina muda ndani yake, kinasubiri, kinazeesha watu. Anayeuondoa huo muda ameiondoa na hadithi.

Mtoa mada

Shikamoo mwalimu, na asante. Mama, umenigusa, suala la umri tulifungulie mjadala wake, mimi nitakuwa upande wako.

Ndugu wa Uyole, kwanza pole sana kwa msiba. Nimeusoma ujumbe wako mara tatu. Mistari miwili tu, lakini mwenzenu nimemwona: siku ya mazishi, mteremko, lori, mtoto anayenyonya. Simjui, na usiku nimemuwaza. Hicho ndicho ninachokidai, kaka, na sisemi ukalie kibandani. Wewe ungeisimulia vizuri kuliko waliotengeneza muvi ile kwa mamilioni yao.

Mtafsiri wa Kihesa, ile yenye mama wa ulanzi bado unayo? Jumamosi napita Iringa, nitakuja na flashi.