Mjadala: Kisu unachotengeneza mwenyewe, makali yaanzie nyuzi 15 au 20?

Mwanzisha mada

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa kina. Kila anayeuliza pembe ya makali anapewa jibu lile lile: weka nyuzi 20 kila upande, umemaliza. Anapewa mwenye kisu cha jikoni, anapewa mwenye kisu cha kuchongea mbao, hata mwenye panga naye anaambiwa hivyo hivyo.

Msimamo wangu: anayetengeneza kisu mwenyewe aanze chini, nyuzi 15 kila upande, kisha apandishe pale tu makali yanapoonyesha kwamba yameshindwa kazi. Ukianza chini halafu ukaona haifai, kupandisha ni misuguo michache ya kinoo, maana unagusa ncha ya makali peke yake. Ukianza juu halafu ukataka kushuka, lazima ule chuma chote cha begani, yaani pale ubavu wa kisu unapoishia na makali yanapoanza, mpaka uifikie ncha. Mwenye kinoo cha mkono atashinda kutwa nzima hapo, na wengi hukata tamaa wakabaki na kisu kinachopasua badala ya kukata.

Tuelewane pia kuhusu hesabu. Nyuzi 15 kila upande ni 30 kwa jumla. Kisu kilichonolewa upande mmoja tu kwa nyuzi 20, basi hizo 20 ndizo pembe yake yote. Nimeona watu wakibishana saa nzima, kumbe mmoja anahesabu upande na mwenzake anahesabu jumla.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, nakuheshimu lakini hapa napinga. Nyuzi 15 ni za chuma cha kiwandani ambacho ugumu wake umepimwa. Sisi tunachoma chuma kwenye mkaa na kukichovya kwenye mafuta, hatujui kimetoka na ugumu gani.

Kisu changu cha kwanza nilikitoa kwenye springi ya gari, nikakinoa nyuzi 15 kwa uangalifu mkubwa. Nilipokitumia kwenye mti mkavu, makali yakameguka vipande vinavyoonekana kwa macho. Ilibidi nisage karibu milimita 2 kutoa yale mapengo, na umbo la kisu likaharibika. Iliniuma sana. Kwa nyuzi 20 ningekuwa bado nakitumia. Anayeanza mwambie namba itakayomvumilia.

Mwanzisha mada

Pole sana, ndugu yangu. Lakini hebu tazama makali yako yalivyokufa. Makali hufa kwa njia mbili kubwa: kumeguka au kujikunja. Yakijikunja, chuma ni laini au pembe ni nyembamba mno kwa kazi hiyo. Yakimeguka vipande vikubwa namna hiyo, mara nyingi chuma kimebaki kikavu kama kioo. Baada ya kukichovya, ulikirudisha kwenye moto mdogo?

Chuma cha springi kina kaboni kama asilimia 0.6. Kikitoka kwenye mafuta ni kigumu lakini hakina ustahimilivu. Kikae kwenye joko lenye nyuzi joto 200 za Selsiasi kwa saa moja au mbili, kipoe, kisha kirudie tena. Ukikisugua mpaka king'ae kabla ya kukiweka jokoni, utaona kinageuka rangi ya nyasi kavu. Nyuzi 20 zingekufichia kosa la moto, na kosa lingebaki ndani ya kisu.

Mchangiaji wa kwanza

Nilikirudisha mara moja, juu ya mkaa, kwa kukadiria rangi. Inawezekana ndipo nilipokosea. Lakini huoni kwamba ndiyo hoja yangu? Wengi wetu tunakadiria. Pembe pana inafidia makadirio.

Mchangiaji wa pili

Wakuu, mnagombania nusu milimita ya mwisho na kuusahau mwili wa kisu. Kabla ya kuuliza nyuzi ngapi, pima unene wa chuma pale nyuma ya makali, kabla hujaanza kunoa. Kisu cha jikoni hapo kinataka milimita 0.3 hadi 0.5. Kisu cha kazi za nje, 0.5 hadi 0.8 hivi. Kisu chenye milimita 1 hapo, hata ukikinoa nyuzi 15, kitakwama ndani ya kitu chochote kigumu, kwa sababu kinachokwama ni bega, ncha ilishapita zamani.

Huhitaji hata kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, kulijua hilo. Tazama upana wa mshazari wa makali, yaani ule uso ulioinama ambao kinoo kinausugua. Unene ukiwa milimita 0.4 na pembe nyuzi 20, mshazari unaouona kila upande una upana wa kama milimita 0.6. Ukiwa milimita 1, mshazari unakaribia 1.5. Ukiona utepe mpana unang'aa kando ya makali ya kisu chembamba, rudi kwenye tupa au msasa upunguze ubavu, usiendelee kunoa. Na kama unatumia mashine ya kusagia, chovya kisu kwenye maji kila mara. Makali yakigeuka bluu, ugumu wa mahali hapo umeondoka, na hakuna pembe itakayourudisha.

Hizo nyuzi mnazozitaja, mnazishikaje mkononi? Kisu chenye upana wa milimita 40 kutoka mgongoni hadi kwenye makali, kwa nyuzi 15 katikati ya mgongo inainuka kama milimita 10 juu ya kinoo. Kwa nyuzi 20 ni karibu 14. Tofauti haifiki hata milimita 4! Mkono usiozoea unayumba zaidi ya hapo. Paka makali wino mzito wa kalamu, sugua mara mbili, uone wino umetoka wapi.

Mchangiaji wa tatu

Kwa panga mimi sipimi nyuzi kabisa. Naweka msasa juu ya ngozi laini, navuta kuelekea mgongoni, makali yanatoka na mviringo. Yanabeba mapigo kuliko mshazari ulionyooka.

Mwanzisha mada

Kwa panga nakubaliana nawe, sikupaswa kuliweka kapu moja na vingine. Na hoja ya unene nimeipokea: nyuzi 15 nizihesabu baada ya ubavu kushuka chini ya nusu milimita, si kabla.

Lakini kwa ndugu yangu wa springi bado nashikilia. Kabla ya kufunga mpini, bonyeza makali taratibu juu ya fimbo ya shaba nyeupe, ukiyaburuta kwa kuinamisha kisu. Yakipinda kidogo na kurudi yenyewe, moto wako uko sawa. Yakibaki yamepinda, ni laini. Yakivunjika, rudisha kwenye joko. Ni dakika tano, na hutahitaji kukadiria tena.

Mchangiaji wa kwanza

Fimbo ya shaba ninayo. Kisu kile bado nimekihifadhi, nitakirudisha jokoni mara mbili kama ulivyosema, nipunguze ubavu, kisha nianze na 15. Yakimeguka tena kwenye ule ule mti mkavu, naongeza mshazari mdogo wa nyuzi 20 pale nchani tu, na nitaleta vipimo vyote hapa.